Mume Wangu Hakutaka Gari Lile Lipone

Nina miaka thelathini na mbili. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo sijawahi kutulia. Nimefua mashuka ya hoteli Mtwapa, nimeuza mkaa Voi, nimepikia wajenzi wa barabara nyikani. Nikishazoea mahali, miguu huanza kuniwasha! Na nina ugonjwa mwingine: kila kitu nataka kujua kinafanyaje kazi. Redio, pampu ya maji, cherehani... nimevifungua vyote, na vingine havikurudi kama vilivyokuwa.

Asubuhi niliyotoka kwetu Kinango sikuwa na mpango wowote. Nilimwambia mama naenda dukani. Akautazama mkoba niliouvaa begani, akaniambia nisisahau kula. Nikasimama barabarani, nikapunga mkono, na lori la kwanza lililosimama ndilo nililopanda. Lilikuwa likienda Shimanzi, Mombasa, kupakia mbolea. Lingekuwa linakwenda Taveta, leo ningekuwa na mkasa mwingine wa kuwasimulia... au pengine nisingekuwa nao kabisa!

Shimanzi ni maghala, makontena na malori tangu jua linapochomoza. Nikaanza kuuza chai na viazi karai mbele ya gereji moja nyuma ya maghala. Mwenyewe aliitwa Athumani, mwanamume mrefu, sauti yake ya chini, mzaliwa wa Majengo. Alisifika kwa magari ya zamani ya Kijapani yenye turbo, yale ambayo watu huyapenda kwa mbio na mngurumo wake. Pamoja naye alikuwa Mutua, mpiga rangi kutoka bara, ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

Athumani hakunipenda kwa viazi karai. Alinipenda kwa mashine.

Alikuwa na kile kidude cha kusoma hitilafu za injini. Unakichomeka chini ya usukani, nacho kinakupa namba, na kila namba ina maana yake. Yeye alikuwa na masikio ya ajabu ya kusikiliza injini, lakini Kiingereza cha mashine kilimchosha. Siku moja akanipa niisome kwa mzaha. Sikuirudisha! Kiingereza changu ni cha darasa la saba, lakini nilikaa na simu yangu nikitafuta neno moja moja, mpaka nikajua namba zile kuliko ninavyojua namba za ndugu zangu.

Niwaeleze kidogo, kwa sababu bila hili hamtaelewa nilivyotendwa. Gari likimisi, yaani silinda moja ikikataa kuchoma petroli yake, injini hutetemeka, gari hukosa nguvu, na taa ya injini huwaka. Mashine itakwambia ni silinda gani iliyogoma. Haitakwambia ni kwa nini! Labda ni plagi, labda ni injekta, labda ni koili inayopeleka moto kwenye plagi. Ukishuku koili ya silinda ya tatu, unaibadilishana na ya silinda ya kwanza, unafuta namba, unaendesha, unasoma tena. Namba ikihamia ya kwanza, basi ubovu umehama na koili. Umemshika mwizi.

Lakini koili zote zinafanana, na injini ikiwa moto ni rahisi kuzichanganya. Nilikuwa na chupa ya rangi nyekundu ya kucha ambayo sikuwa naitumia, kwa sababu ya udhu. Nikaanza kuzitia nukta. Nukta moja silinda ya kwanza, mbili ya pili, hivyo hivyo. Isiyofaa tena naichora msalaba, naitupa kwenye debe la vyuma vibovu. Athumani alicheka sana, lakini kuanzia hapo hakufungua injini bila nukta zangu. Mutua akanibandika jina, Bi Mashine.

Athumani akaniposa, tukaoana. Nikahamia kwake Tudor, chumba na ukumbi ghorofani. Mimi, mtu wa kuwashwa miguu, nikatulia! Nikanunua pazia. Mnajua maana ya mtu kama mimi kununua pazia?

Ndipo lilipokuja gari la buluu.

Liliingia asubuhi likitetemeka, taa ya injini ikiwaka na kuzima. Akashuka mwanamke, buibui jeusi, mkoba mzuri, harufu ya udi ikatangulia mbele yake. Aliitwa Nasra. Alikuwa ameachika, anafanya kazi ofisini upande wa Mbaraki, na gari lilikuwa la kakake aliyekwenda Uarabuni, akamwachia kama amana. Akasalimia vizuri, sabalkheri kwa kila mmoja, hata kwa Mutua aliyekuwa chini ya lori.

Nikachomeka mashine. Silinda ya tatu. Nikatia nukta, nikahamisha koili, namba ikahama nayo. Nikaichora msalaba mkubwa, nikaitupa kwenye debe. Athumani akaleta nyingine nzima, gari likanguruma kama jipya.

Nasra alifurahi mpaka macho yakamlengalenga. Akamgeukia Athumani. "Allah akuzidishie, fundi. Wengine wote walinizungusha tu."

Akamshukuru yeye! Mimi nilikuwa nimesimama pale, mashine mkononi, mafuta mpaka kwenye viwiko... na hakunitazama hata kidogo. Na Athumani hakusema, "Ni kazi ya mke wangu." Aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akapokea shukrani zangu.

Hapo ndipo lilipoanza. Kitu kidogo kama mwiba.

Baada ya siku chache gari la buluu likarudi. Silinda ya tatu tena! Nilishangaa, kwa sababu kazi yangu niliijua. Athumani akaniambia, "Wewe soma tu namba, mimi nitafungua." Akafungua, akapangusa, akachezea waya. Nilipokuja kupima, kila kitu kizima. Nikahamisha koili zote, namba haikutokea popote. Gari zima kabisa!

Athumani akasema gari la turbo haliwezi kujulikana ubovu wake likiwa limesimama. Lazima liendeshwe, libebe mzigo, lipande mlima, na mwenyewe awemo ndani aonyeshe linapomisi. Nisingeweza kumbishia. Ni kweli! Kila fundi anajua hivyo. Basi akashika usukani, Nasra akakaa kando yake, wakaenda kulijaribu.

Wakarudi baada ya muda mrefu kuliko unaohitajika kupima gari. Nasra ana aiskrimu mkononi. Athumani anacheka.

Gari likarudi tena. Na tena. Kila mara mashine inasema silinda ya tatu, kila mara nikipima halina kitu, na kila mara lazima waende kulijaribu. Nilijifunza kuufuata mngurumo ule kwa masikio. Nilijua wanapoiacha barabara ya Shimanzi, nilijua wanapogeuka, kisha malori yananimezea sauti na ninabaki nimesimama na birika la chai likichemka mpaka linakauka. Wako wapi sasa? Anamwambia nini? Anamtazama vile alivyokuwa akinitazama mimi nilipokuwa na birika na viazi?

Athumani akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi. Akaanza kujipaka mafuta mazuri kwenda kulala chini ya magari! Siku moja alikuja na kanzu fupi mpya. Mutua akaacha kupaka rangi, akapiga makofi.

"Jamani! Fundi amevaa nguo za Idi kwenda kutafuta silinda ya tatu!"

Watu wote walicheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya ghala, nikalia kwenye shungi langu mpaka likalowa.

Nilimwuliza nyumbani. Nilimwuliza vibaya, nakiri, kwa kelele na sahani mkononi. Akanijibu kwa ile sauti yake ya chini. "Mishi, mteja ni mteja. Wivu wako utatuvunjia riziki." Kisha akasema neno lililonichoma kuliko yote. "Kama ungejua kazi, lile gari lingekuwa limeshapona."

Wenzangu! Nilianza kujishuku mwenyewe. Nikikaa, nawaza injini. Nikilala, nawaza injini. Nilipima plagi, nikahamisha injekta, nikafuata waya mmoja mmoja kwa vidole. Wakati huohuo nilimpima Nasra. Nilihesabu bangili zake. Nilijua viatu vyake. Nilinusa usukani baada ya yeye kushuka! Mwanamke mzima, nainamia usukani kama paka... Nilijiona duni. Yeye ana mkoba, ana ofisi, anazungumza Kiingereza kwenye simu. Mimi nina masizi chini ya kucha.

Na Athumani akaanza kuwaambia wateja wengine kwamba mashine yangu siku hizi inakosea.

Siku ya mambo kuharibika ilikuwa asubuhi ya kawaida. Gari la buluu likaingia likikohoa, baya kuliko siku zote. Nasra akashuka na bakuli la sambusa limefunikwa kitambaa. Akalipeleka moja kwa moja kwa Athumani. "Fundi, hujala, najua."

Hujala, anajua! Mimi niliyempikia uji alfajiri!

Sikujua nilichosema mpaka nilipokuwa nimeshakisema. Nilipiga kelele mpaka wapakiaji wa ghala la pili wakatoka. "Gari lako haliumwi! Wewe ndiye unayeumwa! Mume hutafutwa gereji siku hizi?"

Nasra alibaki na bakuli mkononi. Hakukasirika. Alinitazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Kwani wewe wamhusu nini?"

"Mimi ni mkewe!"

Akamgeukia Athumani. "Si uliniambia ni dadako? Mtoto wa shangazi yako?"

Mutua akashusha brashi yake. Nilimtazama mume wangu nikingoja aseme. Hata uongo ningeupokea. Akafuta mikono kwa kitambaa polepole, akasema, "Mishi, nenda nyumbani." Basi. Nenda nyumbani.

Nasra aliweka bakuli juu ya tairi, akaingia garini, akaondoka na gari lake vilevile linavyokohoa, bila mtu kufungua boneti.

Kumbukeni hilo. Bila mtu kufungua boneti.

Siku iliyofuata Mutua alikuja Tudor na simu yake, ameinyoosha kama inayomchoma. Nasra alikuwa amekwama Mbaraki, gari limezima kabisa. Hakutaka Athumani. Alitaka mimi. "Wewe ndiye usomaye mashine," Nasra aliniambia kwenye simu. "Njoo, tafadhali, dada yangu. Nami nina neno la kukuomba radhi."

Ningekataa, sasa hivi ningekuwa wapi? Lakini udadisi wangu mnaujua. Nikachukua mashine, nikapanda tuktuk.

Silinda ya tatu. Nikafungua boneti mwenyewe, kabla ya Athumani kuligusa gari, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kwanza. Nikaivuta koili.

Ilikuwa na msalaba mwekundu.

Msalaba wangu! Koili niliyoihukumu na kuitupa kwenye debe kwa mkono wangu, ilikuwa imekaa mahali pake kama haijawahi kuondoka! Nikamwuliza Nasra nani mwingine alifungua hapa. Akasema hakuna, ni Athumani tu. Hata baada ya ile siku ya kwanza alimpitia ofisini, ati alitazame tena. Kila walipokwenda kulijaribu gari, alikuwa akisimama kidogo kule Lighthouse, ufukweni, anamnunulia aiskrimu au mihogo, kisha anafungua boneti "asikilize".

Nikaelewa yote. Alikuwa akitoa koili nzima, anaweka ile ya msalaba, ambayo ikiwa baridi hushika kidogo kabla ya kugoma. Gari linamisi, mwenyewe analirudisha. Gereji, kabla sijapima, anasema "wewe soma, mimi nitafungua," anarudisha nzima. Ndiyo maana niliona namba bila kuona ubovu! Mume wangu alikubali nionekane mjinga, nijione mwendawazimu, ili mwanamke mwingine akae kando yake garini.

Nilimweleza Nasra. Ee, nilimweleza vizuri! Kwa hasira, na Mungu anisamehe, kwa fahari ya fundi pia. Nilimwekea koili kiganjani aone msalaba.

"Kwa hiyo aliliharibu makusudi," akasema taratibu. "Ili nirudi?"

"Ili urudi!"

"Kila mara?"

"Kila mara!"

Pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo. Nilidhani anataka kulia. Nikamshika bega, nikamwambia tumetendwa sote wawili. Akaitikia kwa kichwa. Aliniomba abaki nayo ile koili. Nikampa.

Jioni hiyohiyo nilimkabili Athumani. Hakukana. Alisema alikuwa na nia ya kumwoa, ila alikuwa akitafuta namna ya kuniambia. Nikamwuliza, dini imekuruhusu, mdomo ndio uliokukataza? Hukuweza kuniambia kama mwanamume, ukaona bora unifanye mimi sijui kusoma? Akasema nimemwaibisha kwa wateja, nimetoa siri ya nyumba nje. Maneno yakapanda, yakapanda... na katika kupanda kwake akanitamkia talaka. Imekwisha. Neno moja, na pazia langu likawa pazia la mtu.

Nilikaa eda palepale Tudor, yeye akahamia kwa mamake. Na nitawaambia ukweli unaonitia haya: siku zote hizo nilimngoja. Nilijua ana haki ya kunirejea. Nilijua Nasra ameshamjua alivyo, hatamtaka tena. Nani angemtaka mwanamume wa hila namna ile? Kila nikisikia hatua ngazini, moyo unaruka. Nilikuwa na hakika! Si nilikuwa nimeonyesha ubovu uko wapi? Ubovu ukishaonekana, si hurekebishwa?

Eda ilipokaribia mwisho Mutua akaja. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. "Bi Mashine, usiniue mimi. Mimi naleta habari tu."

Wameoana. Athumani na Nasra. Harusi ndogo, Ijumaa iliyopita, watu wachache tu.

Nilimwambia haiwezekani. Yule mwanamke nilimwonyesha koili! Mutua akakuna kichwa, akasema ndiyo, hiyo koili imewekwa kwao kwenye kabati la vyombo, wageni huonyeshwa. Nasra huwaambia watu kwamba mume wake wa kwanza hakujua hata siku anayoumwa. Huyu aliharibu gari zima ili amwone! Nani amewahi kupendwa hivyo?

Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Mimi! Mimi ndiye niliyempelekea! Niliyoyaona ni hila, yeye aliyaona ni mapenzi, na mimi ndiye niliyemweleza hatua kwa hatua, "kila mara, kila mara," mpaka akaamini. Mume wangu hakuwa na ulimi wa kumtongoza. Mimi nikamtongozea!

Na lile gari la buluu? Nimelisikia mara mbili tangu hapo, likipita mbali. Linanguruma safi kabisa, silinda zote. Tangu waoane halijamisi hata siku moja.

Wasomaji wenzangu, nisikilizeni, na hasa nyinyi wenye wivu kama wangu. Sisemi msiwe na wivu, kwa sababu wivu wangu ulikuwa na haki! Lakini msiugeuze kuwa kazi. Mimi niliacha maisha yangu yote nikawa mchunguzi wa nyumba yangu mwenyewe. Nilitafuta ushahidi kama kwamba nikiupata mume atarudi. Ushahidi hauleti mtu! Siku ile alipoweka mkono kifuani akapokea shukrani zangu, nilishajua. Niliyobaki kuyafanya yalikuwa mawili tu: kumwuliza kwa utulivu ananitaka au hanitaki, kisha kuliamini jibu. Sikufanya. Nilihangaika na silinda. Tafadhali, nawasihi, msipite njia hii. Anayewapenda hatawafanya mjione wendawazimu ili yeye apate nafasi. Mkishaona hivyo ondokeni na akili zenu zikiwa bado zenu.

Asubuhi eda yangu ilipokwisha, nilitia nguo mkobani, nikaacha funguo kwa jirani, nikashuka ngazi. Sikuwa na mpango. Nilifuata barabara, nikageuka penye kivuli, nikageuka tena, mpaka nikajikuta Mji wa Kale, kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii. Nilifurahi kwa hilo. Nilikuwa nimeishi kisiwa hikihiki muda wote na sikuwahi kufika huko.

Mama mmoja alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele kwenye uteo. Nikampa shikamoo, nikamwuliza kama anajua wapi pana chumba.

"Marahaba. Wewe peke yako?"

"Peke yangu, bibi."

"Mume?"

"Nilikuwa naye."

Akaniangalia, akaendelea kutoa chuya. "Vipo viwili. Mimi naitwa Bi Zena, na sipendi kelele wala moshi wa mkaa ndani. Panda ujionee."

Tukapanda. Cha mbele kilikuwa kizuri, chenye dirisha kubwa juu ya njia. Bi Zena akafungua mbao za dirisha. "Hapa wamwona kila apitaye. Anayetoka kwa nani, anayeingia kwa nani. Wapangaji wote hukigombania hiki."

Nikainama dirishani. Wanawake wawili walikuwa wanapita chini wakinong'onezana, na mara moja masikio yangu yakasimama yenyewe, macho yakawafuata mpaka kwenye kona... walikuwa wakimsema nani?

Nikarudi nyuma.

"Na cha pili, bibi?"

"Cha nyuma? Mh! Kile chatazama ukuta wa jirani tu, mwanangu. Utaona nini huko?"

Nikamwambia nakitaka hicho.